Sheria iko, lakini mtoto angali nyumbani

Maneno haya yalisemwa Baraka, mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, kabla ya kufungua mwaka wa masomo. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu walio mbali.



Mlituomba tuwaelezee sheria inayohusu masomo ya watoto wenye ulemavu. Tumeisoma, na tumeileta. Lakini mtuwie radhi, hatutaanzia kwenye karatasi. Tutaanzia kwa mama mmoja wa huku kwetu kando ya ziwa, ambaye alituambia mwaka huu: "Miye munirudishe Nyarugusu."

Tulifikiri ni mambo ya njaa au ya usalama, maana hayo njo tunayasikiaka kila siku tukiwa kwenye tereni. Akasema hapana. "Hapa niko na shamba, niko na nyumba ya mabati. Lakini kule mutoto wangu alikuwa anasoma. Huku anachunga tu wadogo zake."

Mtoto mwenyewe ni msichana wa miaka kumi na mmoja. Alipata homa kali akiwa mdogo, ikapona, lakini masikio hayakurudi. Kambini alikuwa anaingia darasa la watoto wenye ulemavu. Alijua kuandika jina lake na la mama yake, alijua kujumlisha na kutoa, na alikuwa na wenzake wa kuongea nao kwa mikono. Sasa ni mwaka wa tatu tangu warudi. Mama alimpeleka shuleni mara mbili. Mara ya kwanza direktere alimwambia: "Huyu si wetu, mutafute masomo ya watu kama yeye." Mara ya pili walimwandika, wakamweka nyuma, ndani ya darasa la watoto zaidi ya themanini, na mwalimu alikuwa anafundisha akitazama ubao. Baada ya wiki chache mtoto alikataa kwenda. Tulipofungua daftari la shule, mbele ya jina lake kuliandikwa kwamba aliacha masomo. Hakuna mtu aliyekuwa amefika nyumbani kuuliza kwa nini.

Wapendwa, kama mtu anataka kuacha shamba na nyumba ya mabati ili arudi kwenye maisha ya kadi na mgao, kwa sababu tu ya masomo ya mtoto mmoja, basi jambo hili si dogo. Linagusa hata ile kazi shirika lenu lilianzishwa kuifanya, yaani kusaidia watu warudi na wakae.

Sasa tuje kwenye sheria.

Tunasikiaka mara mingi watu wakisema "huku Congo hakuna sheria ya vilema." Si kweli. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Haikuandika "isipokuwa kiziwi" wala "isipokuwa asiyetembea". Kifungu cha 49 kinasema watu wenye ulemavu wana haki ya ulinzi wa pekee. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kulindwa, kutunzwa na kuelimishwa. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 nayo inawataja. Mwaka 2015 nchi yetu ilikubali rasmi mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 24 cha mkataba huo kinahusu masomo. Mwishowe, tarehe 3 Mei 2022, ikatoka sheria namba 22/003, ambayo yote ni ya kulinda na kuinua haki za mtu anayeishi na ulemavu.

Kwa hiyo sheria iko, tena si moja. Imeandikwa kwa Kifaransa, na wazazi wengi hawakuwahi kuiona, njo maana tumeileta leo kwa Kiswahili. Na mshike neno hili moja: hakuna mahali sheria hizo zinasema ni kwa mtoto ambaye hakuwahi kukimbia. Mtoto aliyerudi jana kutoka Tanzania, Zambia au Burundi ana haki ile ile.

Kama iko, inakwama wapi? Tumeifuata njia yake kutoka juu hadi kwenye dawati, na tumeona inakwama mahali panne.

Mahali pa kwanza ni karatasi. Wakati wa kufunga mizigo kambini, watu wanabeba masufuria, nguo, cherehani, mbegu. Karatasi ya mtoto kutoka darasa la ulemavu haikumbukwi. Kweli, kwenye fomu ya kurudi kuna nafasi ya kuandika kwamba mtu fulani ana hitaji la pekee. Lakini fomu hiyo inasaidia safari, haifikaki shuleni. Mtoto anashuka huku kama mtu ambaye hakuwahi kusoma. Na asiyeandikwa shuleni na ulemavu wake hahesabiwi jimboni, wala Kinshasa, na asiyehesabiwa hapangiwi kitu.

Mahali pa pili ni darasa lenyewe. Tangu masomo ya msingi yaanze kuwa bure mwaka 2019, watoto wamejaa, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mwalimu ni yule yule mmoja. Tusimtukane. Wengi wao hakuna mtu aliyewaonyesha namna ya kumfundisha mtoto asiyesikia au asiyeona vizuri. Mwalimu mmoja alituambia waziwazi: "Ninamwonea huruma, lakini sijui nianzie wapi."

Mahali pa tatu ni pesa. Shule ni bure, lakini sare, daftari, kalamu na viatu si bure. Mzazi mwenye watoto watano na pesa ya watatu, anaanza na nani? Sisi wote tunajua anayebaki ni nani.

Mahali pa nne ni sisi wenyewe, na hapa tuongee kama watu wa nyumba moja. Tumefika kwenye nyumba ambazo tulihesabu watoto wanne, na jirani akatuambia kwa sauti ya chini kwamba wako watano. Kuko wanaosema ni ulozi, kuko wanaosema ni adhabu. Malaria ya kichwa, polio, surua, moto wa jikoni, uzazi wa shida, risasi: hizo njo sababu tunazoziona. Na hata shirika letu, bwana prezida, mturuhusu tuseme. Orodha yenu ya wanachama ina sehemu ya wajane, ya yatima, ya waliokosa shamba, ya wasio na mabati. Sehemu ya mtoto mwenye ulemavu haimo.

Basi mwaka uliopita wa masomo, pamoja na komite za wazazi za shule nne, tulijaribu kitu kidogo. Tuwaambie kilichofaulu na kilichoharibika pia.

Tuliacha kuuliza "nyumbani kuna kilema?" Ukiuliza hivyo, jibu ni hapana. Tulitumia maswali sita ambayo yanatumika katika nchi mingi: mtoto ana shida ya kuona, hata akivaa miwani? Ana shida ya kusikia? Ya kutembea au kupanda? Ya kukumbuka au kutuliza akili? Ya kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Ya kuelewa wengine na kueleweka? Na majibu ni manne: hana shida, ana shida kidogo, ana shida mingi, hawezi kabisa. Hakuna tusi ndani yake. Mama mmoja alijibu swali la kwanza "hana shida", akafika kwenye la kusikia, akanyamaza, halafu akasema: "Hili mungeniuliza zamani."

Kwa kila mtoto aliyejibiwa "shida mingi" au "hawezi", tuliandika fishi moja ya ukurasa mmoja: jina, alisoma wapi, anaweza nini, anahitaji nini darasani. Nakala moja kwa mzazi, moja kwa direktere, moja kwa ofisi ya sous-division. Na tulijifunza kuomba muhuri kwenye nakala ya mzazi. Mlango ambao mzazi alipita mikono mitupu akafukuzwa, alirudi na fishi yenye muhuri akapewa kiti. Hatusemi ni kila mahali. Shule moja kati ya zile nne ilipokea fishi, ikaweka kwenye kabati, na watoto wakabaki nyumbani. Tunaendelea kurudi pale.

Ndani ya darasa, mengi hayakuomba pesa. Kijana asiyeona vizuri alihamishiwa benchi ya mbele, mwalimu akaanza kuandika herufi kubwa na kusoma kwa sauti kila anachoandika. Ilifaa hata wale wa nyuma. Msichana anayetembea kwa magoti, darasa lake lilikuwa juu ya ngazi. Direktere alibadilishana vyumba, darasa la nne likaenda juu na la pili likashuka chini. Kazi ya asubuhi moja.

Juu ya kifafa tunataka kusimama kidogo, maana njo kinafukuza watoto wengi. Kifafa hakiambukizi, hata kwa mate. Mtoto akianguka: ondoa vitu vigumu karibu yake, weka nguo laini chini ya kichwa, mlaze upande, usimfunge, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Kikipita dakika tano, au kikimrudia kabla hajapata fahamu, apelekwe haraka kituo cha afya. Na dawa iko, inanywewa kila siku, haisimamishwi juu tu mtoto ameonekana mzima. Kijana mmoja alirudi darasani kwa sababu tu mwalimu aliwaonyesha watoto wengine namna ya kumlaza. Siku alipoanguka tena, wenzake walifanya vile walivyoonyeshwa, halafu wakaendelea na hesabu.

Sasa yaliyoharibika. Tulipata viti vya magurudumu kutoka kwa watu wema. Tulivigawa kwa furaha na picha. Vingine havikumaliza msimu wa mvua. Kiti kile kilitengenezwa kwa sakafu, na huku ni mchanga na mawe. Mama alirudia kumbeba mtoto mgongoni, na kiti kikawa cha kuwekea ndoo. Kosa lilikuwa letu, hatukuuliza njia ya kwenda shule ikoje.

Kosa la pili: tulijenga njia ya kupandia kwenye mlango wa darasa, tukaibana juu saruji ilikuwa chache. Ikatoka kali sawa paa la nyumba. Watoto wazima waliitumia kuteleza. Kipimo ni hiki: ngazi ikiwa na urefu wa sentimita 30 kwenda juu, njia inahitaji mita 3 na sentimita 60 kwa chini. Yaani moja juu, kumi na mbili mbele. Tuliibomoa tukaanza upya.

Turudi kwa yule msichana asiyesikia, maana kwake benchi ya mbele haitoshi. Wengine hapa watasema: apelekwe shule ya pekee. Tunaziheshimu shule hizo. Kituo cha Heri Kwetu Bukavu kimefanya kazi kubwa, na Goma pia kuna kituo. Lakini hesabuni safari, malazi, barabara tunayoijua wote, na usalama unaobadilika kila mwezi. Wanaoweza kwenda ni wachache. Wengine watasema: akae tu na wenzake katika darasa la kawaida. Tumeona kilichotokea. Kiziwi aliye peke yake ndani ya darasa la themanini anakuwa kama mtu aliyefungiwa nje akitazama dirishani. Anahitaji viziwi wenzake, na mtu mzima anayejua kuongea kwa mikono.

Hapa njo tulipata jambo ambalo hatukulitazamia. Tulikuwa tunatafuta fundi wa lugha ya alama mpaka mbali. Siku moja sokoni tulimwona mama anayeuza ndagala anaongea kwa mikono na kijana fundi cherehani. Tukauliza. Mama huyo alikuwa msaidizi katika darasa la watoto wenye ulemavu kule kambini, miaka mingi. Na yule fundi ni kiziwi mwenyewe, alisoma kule. Wote wawili walirudi kama ninyi, na huku hakuna aliyewauliza wanajua nini. Tulipoandika waliorudi tuliuliza wamerudi na nini: mabati, jembe, mbuzi. Kazi waliyojifunza kambini hatukuiuliza.

Tuliwaita wale wawili na kukaa nao na walimu wa shule moja kwa siku nne wakati wa likizo. Fundi cherehani alifundisha alama hamsini hivi za darasani: andika, soma, hesabu, kaa, sikiliza kwa macho, umefanya vizuri. Kuko alama za Tanzania ambazo hazifanani na zile za viziwi waliokulia huku, basi wakakaa wakapatana. Walimu walicheka sana siku ya kwanza. Siku ya nne walikuwa wanaulizana habari za nyumbani bila sauti.

Mpango uliopo ni huu: chumba kimoja ndani ya shule ya kawaida, watoto viziwi wa vijiji vya karibu wakusanyike pale asubuhi na mama yule na mwalimu mmoja, halafu kwa hesabu, michezo na kuimba bendera wawe na wenzao wote. Direktere amekubali. Ofisi ya sous-division imepokea barua. Mwalimu analipwa na serikali, lakini msaidizi halipwi, na mama hawezi kuacha ndagala zake bure. Hapo tumekwama.

Kwa hiyo, mbele yenu, tunaomba mambo machache.

Kwa wanachama. Kwanza, orodha yenu iongezwe sehemu ya mtoto mwenye ulemavu na sehemu ya kazi ambayo mtu aliijua kambini. Wajumbe wa kila kijiji waulize yale maswali sita kabla mwezi wa Agosti haujaisha. Pili, kila komite ya wazazi ambayo mwanachama wenu yumo, ipiganie kiti kimoja kwa mzazi wa mtoto kama huyu. Akiwa ndani, hawatamsahau. Tatu, sanduku. Tunajua sanduku la shirika ni la kilio na ugonjwa, na kuko wazee ambao wamekwisha kutuambia msiliguse. Tunawaheshimu. Tunauliza tu: mtu akifa tunachanga, na ni vizuri. Mtoto huyu yuko hai. Je, sehemu ndogo ya mchango wa kila mwezi haiwezi kununua sare na daftari, na kumpa yule mama msaidizi kitu cha kupeleka nyumbani? Hilo mtaliamua ninyi leo mchana kwa kura, si sisi.

Kwa wakubwa wa elimu waliotuheshimu kwa kufika: mtoto asirudishwe mlangoni kwa neno la mdomo. Kama shule inaona haimwezi, iandike kwa karatasi na kutia sahihi, mzazi aende nayo kwenu. Tunaamini kuandika peke yake kutapunguza kukataa. Na kwa wale wanaokaribia mtihani wa mwisho wa masomo ya msingi, tuwaandikie mapema inspekta juu ya muda wa kuongeza au mtu wa kutafsiri kwa alama. Tusingojee asubuhi ya mtihani.

Kwa wafadhili wetu. Aksanti kwa moyo wenu. Lakini kabla ya kununua kitu, mtuulize, nasi tuulize mzazi. Mradi wa miezi sita unamfundisha mtoto alama na kumwacha katikati ya sentensi. Kama pesa ni ile ile, tunapenda mlipe mtu mmoja miaka mitatu kuliko kununua vitu vingi siku moja. Na msituombe picha za watoto hawa wakiwa katika hali ya kusikitisha. Tukiwa na picha, itakuwa ya darasa.

Tumalizie pale tulipoanzia. Tulirudi kwa yule mama, tukamweleza juu ya chumba, juu ya mama wa ndagala na fundi cherehani. Alimjua yule msaidizi! Alisema jina lake kabla hatujalitaja. Tukamwomba asifunge mizigo, atungojee mpaka shule ifunguliwe. Msichana alikuwa amekaa pale, mdogo wake mgongoni, anatazama midomo yetu.

Mama alifikiri, akasema: "Septemba iko karibu." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Tuliagana.

Septemba iko karibu kweli.